Sonona kwa wazee wetu: tiba yake ni shughuli, na sisi watoto ndio tunaowanyang'anya

Jani la Mgomba (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kuna mgonjwa ambaye karibu kila ukoo unaye na hajawahi kupelekwa hospitali kwa ugonjwa alionao. Anapelekwa kwa magoti, mgongo, tumbo kujaa gesi, usingizi kukatika saa nane usiku. Anapimwa presha, sukari na malaria, anarudi na mfuko wa dawa za maumivu, na mwezi ujao mnampeleka tena. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili katika hospitali moja ya wilaya huku kaskazini. Wazee wa aina hii hunifikia wakiwa wameshazunguka hospitali zote, na wengine waganga pia.

Mzee mwenye sonona, ugonjwa wa akili unaomwondolea mtu raha na hamu ya mambo, ni nadra akwambie ana huzuni. Atakwambia "mwili hauna nguvu", "chakula hakina ladha", "nimezeeka mwanangu, nasubiri zamu yangu". Na nyumba nzima inakubaliana naye kwamba ni uzee. Si uzee. Wazee walio wengi hawana sonona, hata wale wa miaka tisini waliobakiwa na jino moja. Mtu aliyekuwa hakosi taarifa ya habari redioni, hakosi msiba wa jirani, kisha akaacha vyote wiki kadhaa mfululizo, hali vizuri, halali vizuri, anajiita mzigo kwa watoto, huyo anaumwa.

Nataka tuzungumzie tiba moja tu, kwa sababu ndiyo naiona ikifanya kazi na ndiyo inayodharauliwa zaidi. Kliniki tunaiita tiba ya kurudisha shughuli, ni mojawapo ya tiba za tabia. Mizizi yake iko Marekani miaka ya 1970, kwa mwanasaikolojia Peter Lewinsohn wa Chuo Kikuu cha Oregon. Hoja yake kwa ufupi: mtu huendelea kufanya jambo kwa sababu ya anachokipata humo. Unalima, unavuna. Unasalimia, unaitikiwa. Unapika, watu wanakula na kuomba tena. Mapato hayo yakikatika, mtu anapunguza kufanya. Akipunguza kufanya, anapata kidogo zaidi, na siku moja anabaki kitandani akitazama bati.

Sasa tazameni uzee unavyoingia. Ajira imekwisha. Mwenzi amefariki. Macho yana mtoto wa jicho, masikio hayashiki mazungumzo ya watu wengi, marafiki wa rika lake wanazikwa mmoja mmoja. Halafu tunakuja sisi watoto wenye mapenzi tele. "Mama, umehangaika sana, sasa pumzika." Tunamtoa kijijini kwenye kihamba chake (shamba la nyumbani), ng'ombe wake, kikundi chake cha kuweka na kukopa, kwaya yake ya akina mama. Tunamleta mjini, tunamkalisha kwenye sofa, dada wa kazi anamletea chai, runinga inaongea peke yake. Akinyanyua ufagio tunaupokonya. Tumemheshimu hadi tumemmaliza.

Tiba inafanya kinyume. Mgonjwa wa sonona anasubiri hamu ije ndipo afanye, na hamu haiji, kwa sababu ndiyo hasa ugonjwa ulioichukua. Kwa hiyo tunaanza na kitendo. Kidogo, chenye saa yake, mahali pake na mtu wa kufanya naye. Hamu huja nyuma, wakati mwingine baada ya wiki mbili tatu.

Wiki ya kwanza hatubadilishi kitu, tunaandika tu. Asubuhi alifanya nini, mchana, jioni, na moyo ulikuwaje. Vitabu vinasema mtu ajipe alama kutoka sifuri hadi kumi. Kwa wazee wangu hilo halikubali, mzee anakutazama kama unamtania. Natumia maneno matatu: mzito, wa kawaida, mwepesi. Asiyeandika, mjukuu anamwandikia. Ukija kulisoma daftari, kuna kitu kinajitokeza ambacho yeye mwenyewe alikuwa hakioni: kwamba siku ya Jumanne alipokaa nje na muuza maziwa moyo haukuwa mzito, na kwamba saa za kulala mchana ndizo mbaya kuliko zote. Hapo ndipo tunapochagua.

Tunachagua aina mbili za mambo: yanayofurahisha na yanayompa mtu kujiona anaweza. Familia zinapenda kuleta aina ya kwanza peke yake, soda, matembezi, nguo mpya. Kwa uzoefu wangu mzee huinuka kwa aina ya pili. Anataka kufaa.

Mfano, nimegeuza mambo ili mhusika asitambulike. Mwalimu mstaafu, mjane, ameacha kwenda kanisani, ameacha mikutano ya ushirika, haogi mpaka alazimishwe. Watoto wanasema amekata tamaa tangu mkewe afariki. Tulipopitia daftari nikamuuliza jambo moja moja: Jumapili ulipoamka ulifikiria kwenda? Ndiyo. Ukaishia wapi? Kwenye viatu. Kwa nini kwenye viatu? Kimya kirefu, kisha akasema mkojo haumpi nafasi. Alishawahi kujilowanisha mbele ya watu waliowahi kuwa wanafunzi wake. Ilikuwa tezi dume. Watoto wote hawakujua, na angekufa nayo. Tukampeleka kwa daktari wa mkojo, na wakati huohuo tukapanga: ibada ya kwanza ambayo ni fupi, kiti cha mwisho karibu na mlango, chai baada ya ibada na si kabla. Mwezi wa pili alikuwa anasimamia hesabu za jumuiya, na akaanza kunikosoa mwandiko wangu.

Ndiyo maana siwapendi watu wanaosema "tiba ya kumpa mzee kazi ndogondogo, hata mimi naijua". Kazi yenyewe ni rahisi. Kugundua alisimamia wapi ndiyo ngumu.

Karibuni tuchangie.

Kisiki cha Mpingo

Mkuu, nakuheshimu lakini hizi ni za wazungu. Mzee wa Kiafrika anahitaji pesa ya matumizi na maombi, basi. Nitolee utafiti wa watu maskini kama sisi.

Jani la Mgomba

Mkuu Kisiki, haki yako kuuliza.

Guarulhos, pembeni ya São Paulo, Brazili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022: wazee 715 wa miaka 60 na zaidi, wote na sonona, katika maeneo ya watu wa kipato cha chini. Waliowatibu ni wahudumu wa afya ya jamii, watu wa mtaani kama wahudumu wetu ngazi ya jamii, waliowatembelea nyumbani wakiwa na tableti yenye video na maelekezo ya kurudisha shughuli, kwa takriban wiki 17. Hakuna mwanasaikolojia aliyefika mlangoni. Baada ya miezi minane, asilimia 62.5 ya waliopata tiba hiyo walikuwa wamepona, wenzao waliopata huduma ya kawaida ni asilimia 44.

Goa, India, wakachukua wazee 181 ambao walikuwa na dalili lakini sonona haijakomaa. Washauri wasio wataalamu waliwafundisha kutatua matatizo na kulinda usingizi na afya zao. Ndani ya mwaka mmoja, waliougua kwenye kundi hilo walikuwa asilimia 4.4, kwenye kundi lingine 14.4.

Na Harare hapo, nchi jirani ya majirani zetu. Daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na bibi 14 wa Mbare. Bibi anakaa kwenye benchi nje ya zahanati, anakusikiliza, mnachagua tatizo moja na kulivunja hadi lipate hatua ya kuchukua wiki hii. Jaribio lao la mwaka 2016 lilihusu watu 573 katika zahanati 24, na waliokaa kwenye benchi walipata nafuu kuwashinda wenzao kwa mbali. Wazo hilo limeshafika Zanzibar. Lakini nakuomba uone jambo jingine: pale mzee ndiye anayetibu. Hakuambiwa apumzike.

Pesa: sikatai hata kidogo. Pensheni jamii ya Zanzibar ilipoanza mwaka 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mwenye miaka 70, ilikuwa ndogo, lakini mzee anayeweza kumnunulia mjukuu daftari si sawa na anayeomba hela ya ugoro. Ukitibu sonona ukaacha njaa umefanya nusu kazi. Nimeona pia wazee wenye nyumba za kupangisha wamelala wakiangalia ukuta.

Maombi: jumuiya, swala ya jamaa, rozari ya saa kumi na moja, hivyo vyote vina saa, mahali na watu. Kwenye ratiba zangu nyingi ndivyo vinavyoingia kwanza. Nisichokubali ni mchungaji au shehe kumwambia mgonjwa kwamba imani yake ni haba.

Dada wa Tabata

Nimesoma nikalia. Ni mama yangu mtupu. Tulimtoa Lushoto baada ya baba kufariki. Magoti hayamruhusu kusimama muda mrefu. Nikimwambia "mama twende tukatembee" anasema "nendeni nyie". Nikisisitiza anakasirika, analala bila kula. Sasa kaka Jani, nimlazimishe au nimwache?

Jani la Mgomba

Dada, usimlazimishe na usimwache. Punguza ukubwa wa unachomwomba.

"Twende tukatembee" kwa mtu mwenye magoti mabovu na moyo mzito ni mlima. Anza na kitu cha kukaa. Sinia la mchele mapajani, achambue. Lakini iwe kazi ya kweli: mchele huo ndio mtakaokula leo, na asipochambua mtatafuna mawe. Wazee wanajua haraka sana wanapopewa kazi ya kuchezeshwa. Usimpigie makofi kama mtoto wa chekechea, mwambie tu "asante mama, umeniokolea muda".

Ya pili, mtafutie anachokijua kuliko nyote. Kama ametoka Lushoto, basi mboga na matunda ni chuo kikuu chake. Viroba viwili vya udongo pembeni ya ukuta, awekewe kiti, aseme nini kipandwe na lini. Wewe uwe mikono yake.

Ya tatu, watu wake. Sonona ya mama aliyehamishwa mara nyingi ni ya kukosa wenzake wa kusema nao lugha yake. Weka siku na saa maalumu ya kuwapigia dada zake, si "ukitaka nitakupigia". Jumatano saa kumi, simu inapigwa, moyo uwe mzito au mwepesi.

Akisema "sitaki", mwambie: "Najua hutaki mama, tufanye dakika tano, ukichoka tunaacha." Na akichoka kweli mwache, usivunje ahadi. Magoti nayo yatibiwe. Maumivu yasiyotibiwa yataishinda ratiba yoyote.

Baharia wa Matrah

Assalaam alaykum. Mimi niko Muscat, mzee wangu yuko Unguja, Mji Mkongwe. Kila nikipiga simu namuuliza "hali yako baba?" ananijibu "alhamdulillah", tumemaliza. Lakini shangazi ananiambia hatoki nje, na huyu alikuwa mtu wa barazani, bao alikuwa hashindwi na mtu. Kwa mbali huku naweza kufanya nini zaidi ya kutuma pesa?

Jani la Mgomba

Wa alaykum salaam. Unaweza mengi. Uingereza wakati wa UVIKO-19 walijaribu tiba hii kwa simu tu, kwa wazee zaidi ya 400 wenye maradhi ya muda mrefu waliokuwa wamejifungia, mazungumzo yasiyozidi manane kwa kila mmoja, na dalili za sonona zilipungua kuliko kwa waliopata huduma za kawaida.

Badilisha swali lako. "Hali yako" jibu lake ni alhamdulillah, hata angekuwa mahututi atakwambia hivyo, ndiyo adabu. Muulize: "Baba, leo baada ya alasiri ulikuwa wapi? Ulikuwa na nani?" Kisha: "Kesho utakwenda barazani saa ngapi? Nitakupigia magharibi unisimulie nani kafungwa."

Lakini kwanza jua kwa nini aliacha baraza. Shangazi aulizie. Pengine wenzake wa bao wamekufa na waliobaki ni vijana. Pengine hasikii tena maneno ya utani, anacheka wakati si wake, akaona aibu. Masikio ya wazee yanawafungia ndani kuliko tunavyodhani. Kama ni hivyo, mpate rafiki mmoja aje nyumbani na ubao, wawili tu, pasipo kelele.

Baharia wa Matrah

Subhanallah. Masikio. Runinga yake majirani wote wanaisikia. Nashughulikia.

Mkamba wa Machakos

Niko Kenya. Susu wetu, yaani bibi yetu, daktari alimwandikia amitriptyline usiku. Analala sawa, lakini ameanguka bafuni na siku hizi anachanganya majina. Hii tiba ya shughuli inaweza kuchukua nafasi ya dawa? Tumechoka na madawa.

Jani la Mgomba

Ndugu, hapa tuwe waangalifu. Amitriptyline ni dawa ya zamani ya sonona, rahisi kupatikana, na watu wengi imewafaa. Kwa wazee ina taabu zake: kizunguzungu mtu akisimama ghafla, kukaukwa mdomo, choo kigumu, mkojo kuziba, na kuchanganyikiwa. Kuanguka na kuchanganya majina yaripotiwe kwa daktari wiki hii, si mwezi ujao. Msiikatize wenyewe kwa ghafla. Kuna dawa nyingine kama fluoxetine ambazo madaktari wengi huzipendelea kwa umri huo, nazo zina yake, ikiwemo kushusha chumvi ya sodiamu kwenye damu ya wazee. Aamue daktari akiwa na orodha ya dawa zote anazomeza Susu, pamoja na zile za dukani na za mitishamba.

Kwa sonona nyepesi na ya wastani, tiba ya shughuli inaweza kusimama peke yake. Kwa kali, zote mbili pamoja. Na kuna mgonjwa ambaye hata ratiba usimfikishie kwanza: hali wala hanywi, anasikia sauti, au anasema maneno ya kujimaliza. Huyo ni hospitali leo. Mzee akianza kugawa vitu vyake bila sababu, kuaga, kusema "mtapumzika nikiondoka", usimwache peke yake, na sumu ya panya, dawa za kuogeshea mifugo na za shambani zitoke ndani ya nyumba. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpi wazo.

Daktari aangalie pia mengine yanayojifanya sonona: tezi la shingo kufanya kazi chini ya kiwango, upungufu wa damu, upungufu wa vitamini B12, kiharusi kidogo kilichopita kimyakimya.

Mchagga Asiye na Duka

Nakazia hapo kwenye kusahau. Huku Hai tumeona watafiti wakifuatilia wazee wenye kupoteza kumbukumbu kwa miaka mingi, na kulikuwa na vikundi vya mazoezi ya akili kwa wazee. Je, hiyo ndiyo hii?

Jani la Mgomba

Ni binamu yake. Vile vilikuwa kwa wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na wazee walifaidika. Tofauti kwa haraka: mwenye sonona hulalamika sana kwamba anasahau na hujibu "sijui", mwenye ugonjwa wa kumbukumbu hukana kwamba anasahau na hujibu kitu, hata kama si chenyewe. Si kanuni ya chuma, na mtu anaweza kuwa na yote mawili. Hata hapo ratiba ya shughuli inasaidia, ila anayeishika ni mtunzaji wake.

Kuku Mweusi

Mimi nipite na ushuhuda mfupi. Baba alistaafu reli, akageuka mtu wa kulala. Sikujua habari za tiba, nilimletea kuku wa kienyeji kwa sababu nilikosa pa kuwaweka. Sasa hivi ana daftari la mayai, ana ratiba ya chanjo ya mdondo, anagombana na majirani kuhusu mwewe. Tatizo limehamia kwetu, hatuna ruhusa ya kuchinja.

Jani la Mgomba

Hahaa. Mtu wa reli na ratiba, ulitegemea nini?

Dada wa Tabata

Nimerudi. Mchele anachambua. Viroba vya udongo tumeweka, amechagua mchicha na mnavu, na jana aliniita saa kumi na mbili asubuhi kunisema kwamba namwagilia vibaya. Bado halali vizuri. Shida mpya ni kaka yangu mkubwa. Amekuja Jumapili amekuta mama ana kisu anamenya vitunguu, akawaka: tumemleta mama mjini ili tumtumikishe? Majirani nao wameanza kusema kwamba mshahara wa dada wa kazi umenishinda nimemweka mama. Nimeishiwa nguvu.

Jani la Mgomba

Dada, hili nalipata kwenye karibu kila familia, na mara nyingi anayewaka ni yule anayekuja Jumapili. Usibishane naye. Mwombe aje siku utakayompeleka mama kliniki, akae kwenye kiti cha tatu, na mama apitie daftari lake mbele yake. Nilishafanya hivyo na vijana wakubwa kuliko kaka yako. Asikie kutoka kwa mama mwenyewe siku zipi zilikuwa nzito na alikuwa anafanya nini siku hizo.

Halafu mpe kaka kazi ndani ya ratiba. Yeye ndiye mwenye gari? Basi Jumamosi moja kila mwezi ni yake kumpeleka mama kwa dada zake. Ukimpa lawama atarudi na majirani, ukimpa saa yake atakuja.

Majirani waachie mama. Siku jirani akipita, mtume mama amkabidhi fungu la mchicha kwa mkono wake.

Usingizi: aamke saa ileile kila siku hata kama usiku ulikuwa mbaya, usingizi wa mchana uishie kabla ya saa tisa, chai ya rangi iishe na mchana. Mpe wiki tatu, uniandikie hapa.